Tungi Lililonukia Karafuu

Kufika adhuhuri, Bi Nunuu alikuwa ameshahesabu vicheko saba.

Vilitoka karakana ya kioo, ng'ambo ya ukuta, ambako mumewe, Mzee Shaame, alikuwa akipuliza neli mpya, mrija wa kupimia gesi. Vinne vilikuwa vya Shaame, vile vyake vya kumalizikia na kikohozi. Vitatu vilikuwa vya Zuwena. Bi Nunuu alikuwa na penseli mkononi na karatasi ya vipimo mbele yake, na mtu angepita angesema mama huyu yuko kazini. Lakini pembeni mwa karatasi ile kulikuwa na vijiti saba, na hakuna kingine.

"Kioo hakichekeshi," aliliambia birika.

Nje ya dirisha mchanga mwekundu wa Mirihi ulikuwa umetulia. Mtambwe Mpya ilikuwa na mapango matano na watu mia tatu na ushei, wengi wazawa wa Pemba au wana wa wazawa wa Pemba, na meli moja kila miaka miwili. Pango la sita lilikuwa limeshachimbwa na kufagiwa. Lilikuwa refu kuliko matano yote yakiunganishwa. Familia arobaini zilikuwa zikilingoja, zikilala kwa zamu kwenye vitanda vya wenzao, huyu akiamka yule anaingia shuka likiwa bado na joto.

Kilichobaki ni kulipaka. Mwamba wa Mirihi unavuja hewa kama pakacha, kwa hiyo pango halikaliki mpaka ukuta wake uote ngozi, na ngozi ile huoteshwa kwa gesi. Kuna gesi mama, silani. Ukiipiga mmweko wa leza inapasuka, na kwenye vipande vyake anatoka mmoja: silikoni moja imeshika hidrojeni mbili, na ubavuni ana nafasi tupu. Vitabuni jina lake silileni. Mtambwe Mpya walimwita Doezi, kwa sababu tabia yake ndiyo hiyo. Hana kwake. Akiona wawili wameshikana mikono, anajipenyeza katikati. Akiona mlango wa jirani uko wazi, ameshakaa mkekani. Na umri wake wote haufiki kope kupepesa.

Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Bi Nunuu ilikuwa kupima Doezi anaishi muda gani akikutana na fulani, na muda gani akikutana na fulani mwingine. Mwale wa pili wa leza, mwembamba kama uzi, hupitishwa ndani ya neli. Doezi akiwemo, anaula mwanga ule. Akipungua, mwanga unarudi. Namna unavyorudi ndiyo inayosema ameliwa upesi au polepole, na upesi huo ukiwa tarakimu huitwa kima. Kipimo chake cha Doezi na asetilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea ambayo Doezi akiungana nayo ndipo ngozi inapoota, ndicho kilichoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango mkuu wa mapango, na watoto walijifunzia kusoma hapo: KIMA CHA NUNUU, na tarakimu zake chini.

Zuwena akaingia na neli mpya mikononi kama aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kupima alifundishwa na Bi Nunuu mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Mmeshacheka mkamaliza?"

"Babu Shaame alikuwa ananihadithia siku alipopuliza tungi likatoka na masikio."

"Hadithi hiyo ni yangu," alisema Bi Nunuu. "Na tungi lilikuwa langu. Aliponipa ndipo nikakubali kuolewa. Hayo hakukuhadithia?"

"Alihadithia, Bi Mwalimu. Ndiyo tukacheka."

Bi Nunuu akaona afadhali asingeuliza.

Zuwena aliilaza neli juu ya kitambaa. "Tazama bilula zake. Hazipakwi grisi hata chembe. Ndani kuna kipande cha chuma, unakinyanyua na sumaku kutoka nje. Babu kazifanyia kazi miezi minne."

Miezi minne. Miaka ishirini na sita Bi Nunuu amezungusha bilula za kupakwa grisi mpaka vidole vimekuwa kama vya fundi baiskeli, na Shaame hajapata kumwambia kuwa kuna bilula za sumaku.

"Nzuri," alisema. "Sasa sema kilichokuleta. Uso wako una neno."

Zuwena akatoa karatasi. "Nimepima asetilini kwa neli ya kwanza aliyonitengenezea. Kima changu kiko chini ya chako, Bi Mwalimu. Kwa thuluthi."

"Rudia."

"Nimerudia mara kumi na nne."

"Ya kumi na tano inakungoja. Neli yako ni chafu. Argoni uliyochanganyia ina unyevu."

"Maji humla Doezi polepole mno, wewe ndiye uliyenifundisha." Alikuwa akizungumza taratibu, macho kwenye kitambaa. "Na uchafu haupunguzi kima. Unaongeza. Doezi akipata mlaji wa ziada, anakufa upesi zaidi. Changu kiko chini."

Kilichofuata hakukisema, na hakukuwa na haja. Kama kuna neli chafu kati ya mbili, ni ile iliyotoa kima cha juu.

"Mapango matano yamesimama kwa kima changu," alisema Bi Nunuu.

"Yalikuwa mafupi, na asetilini ilimwagwa tu bila kupimiwa. Hili tumebana mpaka tone la mwisho. Kima kikiwa changu, asetilini haitatosha. Doezi watakaosalia watarudi kwa mama yao silani, waungane mmoja kwa mmoja mpaka wawe vumbi. Gizani halionekani. Kipimo cha mgandamizo hakilijui. Hewa ikifunguliwa tu..."

"Litawaka," alimalizia Bi Nunuu. Alilijua vumbi lile tangu Zuwena hajajua kusoma.

Ng'ambo ya ukuta Shaame alikuwa anapiga mluzi. Ulikuwa wimbo wa harusi ya Bi Nunuu.

* * *

Kikao kilikaa jioni hiyo mbele ya mlango mkuu, chini ya zile tarakimu nyeupe. Sheha Vuai, mtu wa maneno machache na miayo mingi, aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kisha akatazama juu, akasoma kilichoandikwa, kama wote walivyofanya.

"Kima cha mlangoni ndicho tutakachokitumia kesho," alisema. "Watu wamechoka kulala kwa zamu. Zuwena, unaiondoa shaka yako au unabaki nayo?"

Swali lile lilikuwa zito, na kila mtu alijua uzito wake. Mtambwe Mpya walikuwa na desturi iliyoanza pango la pili: mwenye shaka huingia kwanza. Mwisho wa pango huwekwa kizimba cha kioo. Mwenye shaka hukaa humo na vipimo vyake wakati gesi inapita, na hewa ikishafunguliwa ndiye wa kwanza kutoka na kuivuta. Haikuwa adhabu. Walisema hakuna sikio linalosikia vizuri kama la mtu asiyeamini. Lakini mpimaji akiondoa shaka bila sababu, hapimi tena. Anapelekwa kwenye pampu, na huko ndiko anakozeekea.

"Siiondoi," alisema Zuwena.

Sauti yake ilikuwa imara. Mikono alikuwa ameificha ndani ya buibui.

"Basi niingie naye," alisema Mzee Shaame, akasimama. Magoti yake yakalia mbele ya watu wote.

"Kizimba cha mtu mmoja, Mzee Shaame," alisema Sheha. "Umekipuliza mwenyewe. Bi Nunuu, una neno?"

Bi Nunuu alikuwa akimtazama mumewe aliyesimama. "Neno langu liko mlangoni," alisema. "Limeandikwa kwa rangi."

Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi mengi na matamu, na yalimpita kama maji yanavyopita juu ya jani la mgomba.

Nyumbani Bi Nunuu hakungoja hata kuvua ushungi. "Ulitaka kuingia naye."

"Ningeingia na yeyote anayeingia peke yake."

"Mimi nilipoingia peke yangu pango la kwanza, ulisimama?"

"Ulikuwa huna shaka, Nunuu. Hujapata kuwa nayo hata siku moja. Ningekufuata kufanya nini?"

"Bilula za sumaku, je? Mbona mimi sikutengenezewa?"

Shaame alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuleta mvua. "Hukuomba. Kila nikikuuliza neli vipi, unasema haina kasoro. Yule mtoto kaja kaniambia, Babu, grisi siiamini." Alikaa akavua viatu. "Ana haki ya kutokuiamini?"

"Nenda kalale," alisema Bi Nunuu.

* * *

Asubuhi Shaame aliondoka mapema kwenda kukagua mishono ya mabomba ya pango la sita. Saa mbili Zuwena aliingia kizimbani. Bi Nunuu hakwenda kumwona akiingia. Saa tatu na robo alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mumewe.

Sanduku lile lilikuwa na kufuli lisilofunga, na miaka yote hajapata kuligusa. Leo aligusa. Alikuwa anatafuta kitana, au kitambaa, au kikaratasi chenye mwandiko wa mtu wa miaka ishirini na tisa. Alitoa mashati. Akatoa koleo, kofia ya Idi, kipande cha kioo cha buluu. Chini kabisa akagusa kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kanga.

Moyo ukamwambia: hicho.

Kanga ilikuwa yake. Alidhani aliipoteza melini, akalia kwa ajili yake siku mbili. Ndani ya kanga kulikuwa na tungi la kioo lenye uvimbe huku na huku kama masikio, na bilula juu. Tungi la kwanza la asetilini. Aliamini lilivunjika zamani. Shaame mwenyewe ndiye aliyemwambia limevunjika, walipoleta matungi ya chuma.

Aliketi sakafuni. Mzee mzima kadanganya ili aibe tungi la kazini, akalifunga kwa kanga aliyoiba kwa mkewe. Akataka kucheka. Bilula ilikuwa imegoma, akaishika kwa vidole viwili, akaizungusha, nayo ikalegea kwa mlio mdogo.

Harufu ya karafuu ikatoka.

Ilitoka nzima, kama nyumba ya mama yake siku ya kuanika. Na pamoja nayo ikatoka siku ile. Mwaka wa kwanza, meli ilileta mbegu na vitabu, na katoni ya grisi ya bilula ikasahauliwa duniani. Bilula ya tungi hili ilikuwa ikivuja. Watu walikuwa ndani ya hema, wakingoja kima ili pango la kwanza lipakwe. Na yeye, msichana wa miaka thelathini na mbili mwenye haraka ya kujulikana, alichukua chupa yake ya mafuta ya nywele, nazi iliyochemshwa na karafuu, akapaka bilula kwa ncha ya kidole. Ikashika. Kitabuni aliandika neno moja: grisi. Hakuona kama ni uongo. Ilikuwa inateleza kama grisi.

Sasa alikaa na tungi mapajani na hesabu ikajipanga yenyewe. Mvuke wa karafuu ulikuwa umeingia ndani ya asetilini, humo tungini. Kila alipoongeza asetilini kwenye neli, aliongeza na karafuu. Doezi alikuwa analiwa na wawili, na yeye aliandika mmoja. Kosa lilipanda ngazi pamoja na kipimo, hatua kwa hatua, likajificha ndani yake. Halafu kima kikaandikwa mlangoni, na nani angekipima tena kitu kilichoandikwa mlangoni? Thuluthi. Yule mtoto alikuwa amepata sawasawa.

Bi Nunuu akafunga bilula. Akalifunga tungi kwa kanga, mkunjo ule ule. Akaweka kioo cha buluu, kofia, koleo, mashati. Akafunga sanduku. Akaenda akachemsha chai.

Lazima lisemwe hivyo, kwa sababu ndivyo alivyofanya. Alikaa mezani akatia sukari. Saa nne wataingiza silani na asetilini. Saa sita mmweko utaanza. Saa tisa watafungua hewa. Hakuna aliyemwona na tungi. Vumbi likiwaka watasema mshono ulivuja, au watasema Zuwena aligusa asichopaswa kugusa, na kima kitabaki mlangoni na watoto wataendelea kusoma jina lake. Hakumtakia mtu kifo. Alitaka tu asiwe yeye wa kusema. Akilini alimwona Shaame akilia kwenye mlango wa pango la sita, na kilichomuuma katika picha ile, Mungu amsamehe, hakikuwa moto. Kilikuwa yale machozi.

Akanyanyua kikombe. Vidole vyake vilikuwa vinanuka karafuu.

Basi akamwona Zuwena mwaka ule wa kwanza wa kujifunza, amekaa sakafuni katikati ya magoti yake, anasukwa nywele, matone mawili ya mafuta haya haya utosini, na vitendawili vikienda huku na huku.

"Kitendawili."

"Tega."

"Wawili wakioana chumbani peke yao, wanaachana papo hapo. Akipita wa tatu akaondoka na kitu, ndoa inasimama."

Zuwena alitoa majibu tisa, yote mabaya, moja lina mbuzi.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Chake Chake."

"Nimekwenda Chake Chake nimekula nimeshiba, na wewe umebaki na njaa yako. Jibu: Doezi na asetilini. Wakiungana, joto la kuungana kwao ndilo linalowavunja. Argoni akipita akawagonga, anaondoka na lile joto, nao wanatulia ukutani. Pasipo wa tatu hakuna pango."

Chake Chake alipewa siku hiyo. Wete alipewa, Konde, Kengeja, Micheweni. Mpaka nywele zilipofika kiunoni Bi Nunuu alikuwa na miji yote ya Pemba na nusu ya Unguja, na yote kapewa na mtoto yule.

Chai aliiacha. Mashati ya Shaame yaliruka huku na huku.

* * *

Alifika mlangoni saa nne na dakika kumi, hana ushungi, amekumbatia tungi. Watu walikuwa wamejaa na mikeka yao imeshakunjwa tayari kwa kuhama. Pampu zilikuwa zinanguruma.

"Zimeni," alisema.

"Bi Nunuu," alisema Sheha Vuai, na kwa mara ya kwanza hakupiga mwayo, "watu hawa wamengoja miaka..."

"Nusa." Akafungua bilula chini ya pua yake.

Sheha alinusa. Uso wake ukabadilika. "Karafuu," alisema polepole. Waliokuwa karibu wakasogea, na mama mmoja akashika kifua, maana karafuu haikupandwa Mirihi na wengi walikuwa hawajainusa tangu waondoke kwao.

"Hii ndiyo niliyopimia kima changu," alisema Bi Nunuu, kwa sauti ya kufika nyuma. "Grisi ilikosekana, nikapaka mafuta ya nywele, nikaandika grisi. Doezi alikuwa analiwa na karafuu pia. Kima cha mlangoni si cha asetilini. Ni cha asetilini na kichwa changu."

Hakuna aliyecheka.

"Unasema kimekosewa?" aliuliza Sheha.

"Nasema nina shaka nacho. Na mwenye shaka huingia kwanza. Mtoeni yule mtoto niingie mimi, au zimeni."

Sheha akanyoosha mkono akazima. Ngurumo ikafa pampu kwa pampu. Katika kimya kile Mzee Shaame alitoka kwenye mishono na taa yake mkononi, akaliona tungi.

"Umefungua sanduku langu."

"Nimefungua."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Si hiki," alisema Bi Nunuu.

Wakatazamana. Shaame akachukua kanga iliyokuwa imeburuza chini, akaikung'uta vumbi, akamfunika kichwani.

Simu ya kizimba ikalia. Bi Nunuu aliishika mwenyewe.

"Mgandamizo umeacha kupanda," ilisema sauti ya Zuwena. "Kuna nini huko?"

"Kitendawili."

"Bi Mwalimu? Sasa hivi?"

"Kitendawili, nimesema."

"Tega."

"Nilialika mgeni mmoja, wakaja wawili, nami nikaandika mmoja."

"Kulikuwa na kitu ndani ya asetilini," alisema Zuwena. "Kitu gani?"

"Mafuta yangu ya nywele."

Ikasikika pumzi ya mtu aliyeziba mdomo kwa mkono, halafu mkono ukashindwa. Zuwena alilia kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Bi Nunuu alisimama na simu sikioni na kuelewa kwamba msichana huyu alikaa gizani saa mbili nzima, anajua kima cha kweli ni chake, anajua nini kitawaka. Na alikwenda.

"Tunakuja kukutoa," alisema. "Lia, mwanangu. Umeshinda, nitakupa mji."

Alasiri ile Shaame alipuliza bomba la urefu wa mkono, wakalijaza kwa vipimo vile vile vilivyopangiwa pango, wakalipiga mmweko mbele ya watu. Mwanzoni ukuta wa bomba uliota ngozi vizuri, unang'aa. Kuelekea mwisho kukaanza kuelea kitu laini cha rangi ya kahawa iliyotwangwa. Sheha mwenyewe ndiye aliyefungulia hewa. Ulisikika mlio kama wa mtu kupasua shuka, mwanga mweupe ukajaa, na nusu ya bomba ikadondoka chini vipande vipande.

Wenye mikeka wakaitandaza tena bila kuambiwa.

* * *

Ilibaki kuthibitisha kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, na kwa hilo walihitaji karafuu. Zuwena aliomba matone matano ya mafuta yale. Bi Nunuu aliileta chupa mwenyewe, akaitazama kwenye mwanga: yalikuwa saba, na meli ilikuwa mbali mwaka mzima na miezi. Aliyahesabu moja moja ndani ya tungi, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Wakapima wawili, yeye kwenye sumaku, Zuwena kwenye mwanga. Asetilini safi ilitoa kima cha Zuwena. Asetilini yenye karafuu ilitoa tarakimu zile zile za mlangoni, mpaka ya mwisho.

"Mkono wako haukukosea," alisema Zuwena. "Ulipima vizuri kabisa kitu kingine."

"Usinifariji," alisema Bi Nunuu. "Andika."

Alipanda ngazi yeye mwenyewe kufuta jina lake na kuandika jingine. Hakuna anayeweza kusema haikumuuma. Alipofika kwenye Z mkono ulisita, na Shaame, aliyeshika ngazi chini, alitazama pembeni kama anatafuta msumari. Watoto walikaa chini wakisoma kwa sauti kila herufi ilivyotokea, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Wiki saba zilipita kabla asetilini ya kutosha haijapikwa. Siku ya pango la sita Sheha Vuai alisimama mlangoni akauliza, kama desturi ilivyo, "Nani ana shaka?"

Bi Nunuu akanyoosha mkono.

"Na nini, Bi Nunuu? Kima mmekipima pamoja."

"Na kila kitu," alisema. "Nimeanza uzeeni, niacheni nifaidi."

Asubuhi hiyo alikuwa amejipaka matone mawili ya mwisho utosini. Kizimba kilikuwa kidogo, na kufikia saa sita chote kilinuka karafuu. Aliona mmweko ukipita mbali, mara elfu kwa elfu, kama radi isiyo na mvua. Kisha giza. Simu waliiacha wazi, na kwenye waya alisikia Shaame na Zuwena wakinong'onezana juu ya bilula fulani, na ule wivu wake ukainuka ukakaa naye kizimbani, mle mle mlimokuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Bi Mwalimu," alisema Zuwena, "tunafungua hewa."

"Fungueni."

Alifumba macho. Hewa ilianza kama mtu anayepuliza chai, ikawa upepo, ikatikisa kioo. Alingoja weupe uje nyuma ya kope zake. Haukuja. Alipofumbua, mshale wa kipimo ulikuwa umesimama palipopangwa, na mlango wa kizimba ukajifungua wenyewe. Akatoka miguu mitupu juu ya mwamba, akavuta pumzi. Hewa ilikuwa baridi, na ilikuwa na harufu ya kichwa chake.

"Nunuu!" ilikuwa sauti ya Shaame kwenye waya, imepanda. "Nunuu, sema kitu!"

"Mshono wako wa tatu umekwenda upande," alisema Bi Nunuu.

Mlangoni wakaangua kicheko, na kwa mazoea akaanza kuhesabu. Cha kwanza kilikuwa cha Shaame, kwa sababu kilimalizikia na kikohozi. Cha pili kilikuwa cha Zuwena. Cha tatu kilipasuka karibu mno, kikapiga ukuta mpya na kurudi, na ilimchukua muda kujua kwamba ni chake.